Shangazi, rafiki yangu anataka nisaini muziki wote uwe wake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, naishi Mbeya mjini, nina mke na mtoto mmoja. Mchana nauza vifaa vya umeme kwenye duka la mtu pale Mwanjelwa. Usiku natunga muziki wa filamu fupi. Si Bongo Fleva. Ni ule muziki unaopita chini ya picha, ambao mtazamaji mara nyingi hajui kama ameusikia, ila ukiutoa ndipo anauliza mbona filamu imekuwa kavu.

Kinanda nilijifunzia kwenye kwaya ya Moravian, gitaa nikajifunza mwenyewe. Studio yangu ni chumba cha pili cha nyumba tuliyopanga Soweto: laptopu, maiki moja, kinanda kidogo, na magodoro mawili ya zamani niliyoyasimamisha ukutani kuzuia mwangwi. Nyumba haina dari, kwa hiyo masika mvua ikianza kupiga bati naacha kurekodi, naendelea kutunga tu. Nikipata usiku mkavu na umeme ukiwepo, silali.

Mwongozaji ni rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari. Filamu zake zote nimemtungia mimi, hajawahi kunilipa wala sijawahi kumdai. Yeye mwenyewe halipwi. Waigizaji wanapewa nauli na wali maharage, basi. Tulikuwa tunaambiana kwamba siku ikilipa, itatulipa wote.

Hii ya mwisho ni ya dakika 17. Inamhusu mtoto wa dereva wa lori anayemsubiri baba yake kando ya barabara ya kwenda Tunduma. Rafiki yangu alipokuwa anahariri, aliweka kwa muda muziki wa filamu moja kubwa ya Marekani, fidla kibao, akaniambia: "Nataka kama huu huu, ila usiwe huu." Nilihangaika sana, maana kila nilichotunga kilitoka nakala mbovu ya ule. Mwishowe nikazima sauti yote, nikaitazama picha ikiwa bubu, nikakumbuka wimbo wa kubembeleza mtoto ambao mama yangu mkubwa, ndiye aliyenilea, alikuwa akiuimba kwa Kinyakyusa.

Nikaenda kwake Tukuyu na kirekoda kidogo cha mkononi. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamwomba aniimbie nimrekodi, akacheka, akaimba huku anaendelea kumenya. Ukisikiliza kwa hedifoni unasikia kisu kikipita kwenye ganda. Sikukifuta. Nikaweka gitaa chini ya sauti yake, mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde, ili rafiki yangu aweze kukata picha juu ya pigo bila kuhangaika. Mwisho wa filamu, karibu dakika mbili nzima hakuna anayezungumza. Ni barabara, gitaa na sauti yake tu.

Sasa filamu imechaguliwa kwenye tamasha moja nje ya nchi. Tulifurahi kama watoto. Siku chache baadaye rafiki yangu akaniletea karatasi, akasema tamasha linataka uthibitisho kwamba muziki umetumika kwa ruhusa. Karatasi inasema mtunzi anakabidhi haki zote za muziki kwa mtayarishaji, milele na dunia nzima. Nilishashika kalamu. Ndipo akataja, kama jambo dogo tu, kwamba kampuni moja ya matangazo ya Dar es Salaam imeona kipande cha filamu na inautaka ule muziki wa mwisho kwa tangazo la magodoro. Wametaja milioni tatu. Atanipa laki tano ya shukrani, nyingine italipa madeni ya filamu.

Nikamwomba anipe muda kidogo. Akabadilika uso. "Kwani mimi na wewe ni watu wa kuandikishiana?" Tangu hapo meseji zangu anazijibu kwa neno moja moja.

Mke wangu anasema nisaini nichukue laki tano, kwa sababu vifaa vyote hivi vimetoka kwenye hela ya nyumbani na havijawahi kurudisha hata kilo moja ya mchele wa Kyela. Jamaa yangu mwenye studio anasema nisisaini, tena niizuie filamu isiende kokote. Mimi sitaki kumpoteza rafiki, na sitaki kuonekana mjinga. Shangazi, muziki huu ni wa nani? Na nikidai changu, si nitakuwa nimevunja urafiki kwa ajili ya pesa?

Mama mkubwa yeye hana neno, alikubali nimrekodi.

Mpiga Gitaa, Mbeya

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa filamu kuchaguliwa. Katika barua yote hiyo furaha umeipa sentensi moja, kisha ukarudi kwenye karatasi.

Nikuambie nilivyokuelewa. Kazi mliyoifanya kwa kupendana imeanza kunusa pesa, na ghafla mmegundua kwamba hamkuwahi kukubaliana chochote. "Itatulipa wote" ni maneno mazuri, lakini hayasemi nani apate kiasi gani, wala kama madeni yanalipwa kwanza. Rafiki yako huenda aliyaelewa kwamba filamu ikipata hela, kwanza inajilipa yenyewe. Wewe uliyaelewa kwamba kila mtu anapata fungu lake. Mkayabeba hivyo hivyo miaka yote kwa sababu hapakuwa na hela ya kuwapima.

Sasa kuhusu ile karatasi. Naona mambo mawili yamebanwa kwa pini moja, na ningependa uyatenganishe kabla hujamkasirikia mtu. Tamasha linataka kujua kwamba mwenye muziki ameruhusu utumike ndani ya filamu. Ni ombi la kawaida, kwa sababu hakuna tamasha linalotaka kuonyesha filamu kisha lidaiwe na mtunzi. Lakini kuruhusu muziki utumike ndani ya filamu ni jambo moja, na kukabidhi haki zote milele ni jambo lingine kabisa. La kwanza halihitaji la pili. Tangazo la magodoro halihusiani na tamasha hata kidogo.

Je, rafiki yako amekubania makusudi? Wewe unamjua, mimi simjui. Fomu za namna hiyo watu huzinakili mtandaoni na kubadilisha majina, na wengi wanaozibeba hawajazisoma mpaka mwisho. Inawezekana pia aliisoma vizuri, na ndiyo maana habari ya tangazo aliitaja wakati kalamu iko mkononi mwako. Yote mawili yanawezekana. Ila ukienda kwake ukiwa umeshaamua ni lipi, mtazungumza vibaya.

Umeniuliza muziki ni wa nani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapotungwa, hata kama hujaisajili popote, na ulinzi huo unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili kwa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kunakupa ushahidi wa kuonyesha ukibishaniwa. Ujue pia kwamba unaposema "muziki wangu" unataja vitu viwili. Kuna utunzi, yaani mpangilio wa sauti ambao mtu mwingine anaweza kuupiga kesho kwa gitaa lake, na kuna rekodi, lile faili lililotoka chumbani kwako. Vyote viwili vinaweza kuuzwa, na vinaweza kuuzwa kwa watu tofauti. Hukuajiriwa, hukulipwa, hukusaini kitu. Sioni kwa nini mtu aseme kwamba gitaa lile si lako. Ila ulimpa rafiki yako kwa hiari alitumie kwenye filamu yake, na hilo nalo lina uzito.

Ndiyo maana ushauri wa jamaa yako wa studio unanitia wasiwasi zaidi kuliko wa mke wako. Kuizuia filamu kunasikika kama ushujaa. Fikiria lakini unazuia nini: kazi ya waigizaji waliokula wali maharage, jina lako mwenyewe mwishoni mwa filamu, na pengine waongozaji wengine ambao wangeuliza ni nani aliyepiga lile gitaa. Katika mji wa kiasi cha Mbeya wenye filamu wanafahamiana, na habari kwamba fulani alizuia filamu ya rafiki yake itafika Iringa kabla yako. Siwezi kusema usifanye kamwe. Kuna mazingira ambayo mtu hubaki na mlango huo mmoja tu. Barua yako hainionyeshi kwamba umefika hapo.

Na mke wako, mwanangu, umemwandika kama mtu asiyeelewa sanaa. Mimi naona ndiye mfadhili mkuu wa filamu zote hizo, na nina hakika jina lake halipo kwenye orodha ya shukrani. Laki tano ni hela halisi, kodi ya nyumba na sare za mtoto. Ukisaini kwa sababu hiyo hutakuwa mjinga. Ila wote wawili mjue mnachouza. Ukikabidhi haki zote, hutaweza kuurekodi tena wimbo huo kwenye albamu yako bila kuomba ruhusa. Tangazo la pili likija, au kampuni ya nchi nyingine, hutaulizwa wala hutalipwa. Kama mkilitazama hilo pamoja na bado mkaona laki tano ya leo ina maana zaidi, huo ni uamuzi wenu na una heshima yake.

Kuna njia ya katikati ambayo watunzi wengi wa filamu huitumia. Unaandika ukurasa mmoja kwamba unaruhusu muziki huu utumike ndani ya filamu hii, kwenye matamasha, televisheni na mtandaoni, bila malipo au kwa malipo mtakayokubaliana, na jina lako liandikwe. Haki nyingine zinabaki kwako. Unaambatanisha orodha ya vipande vyote vya muziki: kila kimoja kinaanzia dakika ya ngapi, kina urefu gani, nani katunga, nani kapiga, nani kaimba. Filamu ikiuzwa kwa televisheni orodha hiyo huulizwa, kwa hiyo hata rafiki yako anaihitaji. Tangazo linakuwa mazungumzo tofauti, na hapo wewe ndiye unayeuza. Yeye anaweza kupata fungu lake kwa kuwa filamu yake ndiyo iliyomleta mteja. Kampuni uiulize wanataka kuutumia kwa muda gani, nchi zipi, redio tu au na televisheni na simu pia. Milioni tatu kwa miezi sita ya redio si sawa na milioni tatu kwa daima.

Hatari ya njia hii ni kwamba watu wa matangazo wana haraka na wapiga gitaa ni wengi. Ukichelewa na masharti wanaweza kwenda kwingine, na rafiki yako akabaki na madeni akikuona wewe ndiye uliyefukuza hela. Na madeni hayo umeyataja kwa kupita tu. Ni ya nani? Kama alikopa kwa jina lake kukodi kamera ambayo ndiyo iliyompiga picha yule mtoto barabarani, basi naye ametoa jasho lililofanya muziki wako usikike. Mwombe uyaone. Si kwa kumkagua. Ni kwamba mmezungumza pesa bila kujua ni pesa gani.

Kuna mambo mawili madogo ya kiufundi. Je, ulimpa muziki uliokwisha kuchanganywa tu, au ulimpa pia trak zilizotenganishwa, gitaa peke yake na sauti peke yake? Mchanganyaji wa filamu huzihitaji, hilo ni la kawaida. Lakini akiwa nazo, tangazo linaweza kutengenezwa bila wewe kuguswa, kwa hiyo liandikwe kwamba ni kwa ajili ya filamu hii tu. La pili: usije ukaupeleka muziki huo kwa wasambazaji wa mtandaoni kwa hasira ya leo. Baadhi yao huusajili kwenye mfumo wa YouTube unaotambua sauti, na siku rafiki yako akipandisha filamu yake, mashine itamkamata kana kwamba ameiba. Ugomvi wa namna hiyo hauhitaji hata ninyi wawili kuwepo.

Nimefika sasa kwenye sentensi ya mwisho uliyoniandikia. Mama mkubwa hana neno, alikubali umrekodi.

Alikubali nini hasa? Kwa maelezo yako, alikuwa anamenya ndizi, mtoto aliyemlea akamwomba wimbo wa zamani, akacheka, akaimba. Sijasoma mahali popote kwamba anajua sauti yake iko kwenye filamu. Sembuse kwamba huenda ikauza magodoro. Labda umemwambia na hukuona haja ya kuniandikia. Kama hujamwambia, basi swali ulilomuuliza rafiki yako moyoni, la kwa nini anachukua haki zote bila kuniuliza, linaweza kuulizwa pia kutoka Tukuyu.

Sheria ile ile niliyoitaja, hilo neno hakishiriki lililomo kwenye jina lake linamhusu yeye. Mwimbaji ana haki juu ya sauti yake iliyorekodiwa, hata kama wimbo hakuutunga. Maana yake ni kwamba hata ungetaka kusaini ile karatasi, "haki zote" huna mkononi. Na wimbo wenyewe je? Kama ni wa kubembeleza watoto wa Kinyakyusa tangu zamani, si wako wala wa rafiki yako. Sheria ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi zinapotumika kibiashara, na hapo ungeuliza Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kabla ya kampuni haijauliza. Kama alitunga yeye mwenyewe, au bibi yako, hiyo ni habari nyingine, na ni yeye tu anayeijua. Kilicho chako ni gitaa, mpangilio, mapigo, uamuzi wa kukiacha kisu kisikike. Si kidogo. Ila si chote, na barua yako imeandikwa kana kwamba mnaogawana ni wawili.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mashine zake akirekodi muziki, Wahehe wa Iringa na ligombo lao, ala ya nyuzi, wakiwemo. Mkusanyiko wake uko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Hadi leo wasomi wanabishana waliorekodiwa walielewa sauti zao zinakwenda wapi. Wale walirekodiwa na mgeni. Wewe unaweza kupanda Coaster ukamuulize.

Kumuuliza nako kuna hatari zake, sitakuficha. Anaweza kucheka tena na kusema fanya utakavyo mwanangu. Anaweza kutaka fungu, na akawa na haki nalo. Anaweza kusema filamu sawa, tangazo hapana, hataki majirani zake wamsikie redioni kati ya bei ya godoro na namba ya simu. Au anaweza kusema hapana kote kote, na zile dakika mbili za mwisho zikabaki na gitaa tupu huku tamasha linasubiri. Kwa tangazo unaweza kupendekeza toleo la gitaa bila sauti yake, lakini tuni itabaki ile ile ya jikoni kwake, kwa hiyo hata hapo ni vizuri ajue. Ukienda, mpelekee filamu yenyewe aitazame mpaka mwisho, usimpelekee maelezo ya filamu.

Uanze na nani, yeye au rafiki yako? Nimelifikiria bila kupata jibu la moja kwa moja. Ukianza na rafiki, utafika Tukuyu na bei iliyokwisha kupangwa, na mama yako atahisi anaombwa kuidhinisha. Ukianza Tukuyu, rafiki yako anazidi kukuona unamkimbia. Pengine kinachowezekana ni kumpigia simu, si meseji, umwambie kwamba ile sauti ya mwisho ni ya mama yako mkubwa na hujamuuliza, kwa hiyo huwezi kusaini hata kama ungependa. Hilo ni kweli, na halimtuhumu kwa lolote. Anaweza hata kutaka mwende wote, maana filamu ni yake na mwimbaji wake hajamwona.

Nakuuliza jambo moja la mwisho, jibu ukae nalo mwenyewe. Tangu filamu ya kwanza, ulishawahi kumwambia kwa mdomo wako kwamba unajihesabu kuwa mmoja wa waliotengeneza filamu hizo, si mtu anayesaidia tu? Nauliza kwa sababu uliandika "nimemtungia".

Kabla ya yote, liandikie tamasha uliza tarehe ya mwisho ya kupokea karatasi ya muziki na maneno gani hasa wanayoyataka yawemo. Majibu yaje kwa maandishi, myasome wote wawili. Ukishaijua tarehe, ndipo uhesabu siku ulizonazo za kwenda Tukuyu na kurudi.

Shangazi